Kioo cha Mtawala: Erasmus, Machiavelli na Mipaka ya Fadhila

Wahakiki wengi huwatenga Erasmus na Machiavelli kama usiku na mchana: wa kwanza mlezi wa mtawala mwadilifu, wa pili mwalimu wa hila. Mgawanyo huo huficha undugu wa matini zao. Institutio principis christiani (1516), iliyotabarukiwa Charles akiwa na umri wa miaka 16, na Il Principe, iliyoandikwa mwaka 1513 na kuchapishwa mwaka 1532, ni za utanzu mmoja wa nasaha kwa watawala.

Kwa Erasmus, pale ambapo mtawala hurithi kiti badala ya kuchaguliwa, tumaini kuu la raia ni malezi yake. Machiavelli, katika sura ya 18, haifuti orodha ya fadhila: huruma, uaminifu, utu, unyofu na uchamungu. Anachobadilisha ni makao yake; kwake, lililo muhimu ni mtawala aonekane kuwa nazo. Hapo ndipo udhaifu wa kielelezo cha wanautu unapodhihirika: fadhila isiyo na kipimo nje ya nafsi ya mtawala ni vigumu kuitofautisha na igizo lake.

Erasmus mwenyewe aliutambua ufa huo, kwani alikiri kuwa mtawala asipokuwa mkamilifu, ni heri mamlaka yake yachanganywe na ya wakuu na ya umma. Hivyo, uzito wa kitabu chake haumo katika taswira ya mtawala bora pekee, bali pia katika ungamo kwamba taswira hiyo haitoshi. Kumsoma kama mhubiri wa maadili tu ni kumpunja.