Askari Jela katika Fasihi ya Gerezani

Fasihi ya gerezani nchini Kenya imezoeleka kusomwa kwa upande wa mfungwa. Katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga Abdilatif Abdalla akiwa kifungoni baina ya 1969 na 1972, nafsi inenayo ni ya aliyefungwa. Yaeleweka, kwani mwenye dhiki ndiye mwenye haki ya kulia.

Hata hivyo, Ngugi wa Thiong'o, katika Detained (1981), adhihirisha jambo jingine. Alipoandika riwaya yake ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni huko Kamiti, mwaka 1978, alijifunza maneno kutoka vinywani mwa askari waliomlinda. Na mswada ulipotwaliwa katika upekuzi, ni ofisa wa gereza aliyeurudisha. Basi askari jela alikuwa mwalimu na msomaji wa mwanzo wa kazi hiyo.

Kasoro ni kwamba mhusika huyu huishia langoni. Mgomo wa askari jela wa Aprili 2008, uliohusu marupurupu na hali ya kazi, ulionyesha kuwa naye ana dhiki zake. Riwaya ya Kiswahili itakayomfuata akivua sare na kurejea chumba cha kupanga Kibera, karibu na gereza la wanawake la Lang'ata, au Kawangware, mlango kwa mlango na mama wa mfungwa wake, haitamdhulumu mfungwa. Itahoji ni nani aliyewatenga maskini hawa wawili kwa kufuli moja.