Mtoto anataka kusomea jurnalisme: tunamjibu vibaya

Kila matokeo ya Exetat yakitoka simu zinaanza: mtoto anataka kusomea jurnalisme, tumtume wapi? Na sisi wenye kumaliza chuo tunajibu mbio mbio. Kinshasa, kwenye UNISIC, ile wazee wanaendelea kuita IFASIC. Ama Lubumbashi. Wengine wanasema Kisangani, eti ni karibu (mwenye kupitia Ubundu anajua hiyo karibu). Tunachagua kwa jina la mji na bei ya minervale, basi. Masomo yenyewe hakuna anayeyauliza, na hasara inatufikia hata sisi wenye kusikiliza redio.

Chukua Kabambare. Pale Namoya, kampuni ya Banro iliingia katika uchimbaji wa dhahabu wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama juu ya usalama. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inadai kampuni yenye kuchimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Ikiuza dhahabu ya dola milioni 100, fungu la wenyeji ni dola 300,000. Hesabu ya darasa la sita hiyo! Lakini mwandishi wa habari ambaye hakufundishwa kusoma mkataba wa kampuni na wenyeji atapeleka mikro kwa chifu, ataipeleka kwa kampuni, kisha atarudi nyumbani. Tutasikia sauti mbili, na hatutajua nani anasema kweli.

Kwa upande wa kilimo nasikia mambo yale yale. Redio moja ilisoma komunike juu ya dawa ya viwavi vya mahindi: jina la dawa kwa Kifaransa, kipimo kwa hekta. Mama wa shamba hapimi kwa hekta. Anataka kujua vizibo vingapi ndani ya pompe moja, na avune kisha siku ngapi. Msomaji hakuuliza, juu yeye pia hakuelewa.

Na lugha njo shida kubwa zaidi. Chuo kinafundisha kwa Kifaransa, kazi ya Kasongo ni kwa Kiswahili. Radio Okapi, tangu 2002, inatangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Walijua watu wanasikia kwa lugha gani. Mtoto wetu anamaliza masomo, anafika mbele ya mikro, anaanza kutafsiri papo hapo, na tarakimu zote zinabaki kwa Kifaransa. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, uliza: saa ngapi za kuandika habari kwa Kiswahili? Wanafunzi wangapi kwa mikro moja? Usimwulize sekretere wa kitivo, uliza waliomaliza mwaka jana.

Kuna wenye kuniambia Lumumba hakusomea jurnalisme. Kweli. Alifanya kazi ya ofisi kwa Symétain, huku kwetu Maniema, kisha akawa mtu wa posta Stanleyville, na aliandika katika La Voix du Congolais. Lakini shule ya kazi hiyo ilikuwa wapi siku zile? ISTI, mama wa IFASIC, ilizaliwa 1973. Na leo kuna sheria mpya ya habari, ya tarehe 13 Machi 2023. Asiyeijua atafungwa juu ya neno moja, na hatajua hata ajitetee namna gani. Sisemi basi diploma haina maana.

Nasema hivi: LMD imefanya lisanse kuwa miaka 3, wakati sisi tulisoma 5. Muda ni mfupi wa kujua ufundi wa redio na kujua pia madini, mashamba, bajeti ya teritware. Mimi ningemwambia mtoto asome kwanza sheria, uchumi ama kilimo, karibu na nyumbani, aingie redioni jioni, kisha jurnalisme aichukue kwa masta. Wengi hapa watanipinga, najua.

Akikataa, basi apige mwezi mmoja kwenye redio ya mtaa, kama Sauti ya Mkaaji hapa Kasongo, mbele ya familia kutoa hata franga. Kuna watakaoacha wiki ya pili. Minervale ya mwaka mzima inabaki mfukoni mwa baba.