Kilango cha Paka Glenwood: Kilichomkwamisha Chausiku

Paka anayekataa kupita kwenye kilango alichotobolewa mlangoni huitwa mkaidi, na wengi humaliza ubishi kwa kumkamata kiunoni na kumsukuma kichwa mbele. Mimi naamini ukaidi haumo kabisa. Kilango kinamtaka paka afanye mambo manne kwa mfululizo: atie uso mahali asipopaona vizuri, asukume kitu kwa paji la uso, avumilie kitu hicho kikimburuzikia mgongoni hadi mkiani, kisha atue upande ambao hajaukagua. Likimtisha moja tu, hapiti. Anayemtazama huona kukataa kumoja, hivyo hujaribu dawa moja, kwa kawaida samaki, na samaki akishindwa, mtu hukata tamaa.

Kisa ninachokichambua ni cha nyumba ya kupanga huko Glenwood, kitongoji kilicho kwenye mgongo wa Berea, juu ya bandari ya Durban. Nyumba nyingi za huko ni za mwanzoni mwa karne ya 20: sakafu za mbao zilizoinuliwa kutoka ardhini, veranda pana, na mlango wa nyuma unaoshuka kwa ngazi hadi uani. Siku hizi milango ina mageti ya chuma na madirisha yana nondo. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu ni vya kumfanya mtu wa Tanga ajione kwao, na familia hii ni ya Tanga. Kwa joto hilo wangependa kuacha dirisha la jikoni wazi, nalo lingemtosha paka kabisa. Lakini Glenwood ina tumbili, tena wengi, na tumbili akiona dirisha wazi haombi ruhusa: hupita kati ya nondo, huchukua mkate na ndizi mezani, na huacha jiko limetapakaa. Ndiyo maana kilango kilihitajika, na ndiyo maana hakikuweza kuwa tundu tu.

Paka mwenyewe, Chausiku, ni jike jeusi lililokulia kwenye nyumba ya ghorofa. Hakuwahi kutoka nje kwa miguu yake.

Fundi seremala aliyeitwa, mtu wa Bukavu anayefanya shughuli zake Durban, aliutazama mlango kwa muda kabla ya kugusa msumeno. “Dada, hii mulango ni ya zamani, tusiikate,” alimwambia mama wa familia. Alikuwa sahihi kwa sababu mbili: mbao za milango hiyo hazipatikani tena kirahisi, na mpangaji hana haki ya kutoboa mali ya mwenye nyumba. Akauchomoa ubao mwembamba wa chini uliokaa ndani ya fremu ya mlango, akaufunga kwenye shuka ukahifadhiwa, na mahali pake akaweka plaiwudi yenye tundu. Siku familia itakapohama, ubao wa zamani utarudi mahali pake. Kimo cha tundu alikipata kwa kumpima Chausiku akiwa amesimama anakula, ili ukingo wa chini uwe usawa wa tumbo lake.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipojificha. Kwa ndani kipimo kilikuwa barabara. Kwa nje kizingiti kinashuka hadi ngazi ya kwanza, kwa hiyo paka aliyetoa miguu ya mbele alibaki ameining'iniza hewani huku kiuno kikiwa bado ndani. Anayetembea wima halioni hilo, kwa kuwa mguu wake hushuka ngazi bila kufikiri. Paka hujikuta nusu ndani nusu nje, hawezi kuruka wala kurudi nyuma haraka, na kwa mnyama ambaye ni mwindaji na pia huwindwa, hakuna mkao mbaya kuliko huo.

Jambo lililonifurahisha katika kazi hii ni kwamba walianza kwa kutazama. Walikiondoa kabisa kibao cha plastiki kinachoning'inia, likabaki tundu tupu, wakaketi jikoni mchana mtu mmoja akilinda tumbili. Chausiku hakupita. Alitoa kichwa, akatazama chini ya ngazi upande wa kushoto, akakirudisha. Jaribio hilo dogo lina thamani kuliko kopo zima la samaki, maana linatenganisha mambo. Kama paka hapiti hata pasipokuwa na kibao, basi kibao hakina hatia bado, na kumzoesha kibao ni kupoteza muda.

Chini ya ngazi palikuwa na paka shume. Alilala hapo mchana na alikojolea nguzo kuweka alama yake. Familia haikuwa na habari naye, lakini Chausiku alimjua kwa pua kabla hajamwona. Wakaosha nguzo, wakaziba uwazi wa chini ya ngazi kwa wavu wa kufugia kuku, na fundi akapigilia jukwaa dogo la mbao usawa wa kizingiti, pana kiasi cha paka kusimama na kugeuka. Vyungu vya maua vikawekwa pande zote mbili, apate mahali pa kujibanza na kuchungulia ua kabla ya kushuka. Wakati huohuo walihakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa iko hai. Sheria ya Afrika Kusini inataka mbwa na paka wote wachanjwe, na KwaZulu-Natal ni jimbo lililosumbuliwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Paka anayeanza kukutana na paka shume asipewe hata nafasi ya kuchelewa.

Baada ya jukwaa kuwekwa, Chausiku alipita kwenye tundu tupu bila kushawishiwa na mtu. Sasa kibao kingeweza kurudi.

Paka huona vizuri kwenye mwanga hafifu, lakini kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi hukiona kwa ukungu. Pua ikiwa imegusa kibao, hata kiwe cha plastiki angavu, anategemea sharubu, na mizizi ya sharubu imejaa neva. Basi plastiki inayomgusa usoni anaihisi kwa nguvu asiyoitarajia. Isitoshe, kibao kina sumaku chini ili upepo usikipeperushe, na sumaku hushikilia kwa nguvu kisha huachia ghafla. Walifanya kazi kwa hatua: kwanza kibao kikainuliwa juu kabisa kwa utepe wa gundi, kikiwa kinamgusa mgongo tu, halafu kikashushwa kidogo kidogo siku zilivyokwenda, na sumaku ikafunikwa kwa tabaka za utepe huohuo ili mvuto wake upungue, tabaka zikibanduliwa moja moja. Chakula kilikuwa samaki wa kopo, kiasi cha kijiko, kabla ya mlo na si baada yake. Paka aliyeshiba hana haja ya kujifunza.

Kuhusu kumsukuma, tuna ushahidi wa zamani sana. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa kwenye visanduku vya mbao vilivyofunguka kwa kuvuta kitanzi au kubonyeza kibao. Chakula kilikuwa nje. Mwanzoni paka alikwaruza kila kitu hadi akakigusa kifungulio kwa bahati. Kila aliporudishwa, muda wa kutoka ulipungua. Katika majaribio hayohayo Thorndike aliwashika baadhi ya wanyama miguu na kuwafanyisha kitendo chenyewe kwa mkono wake. Hawakujifunza kwa njia hiyo. Paka anahitaji kitendo kiwe chake na matokeo yafuate papo hapo. Anayesukumwa kwenye kilango anajifunza jambo moja tu: kwamba karibu na mlango ule mikono ya watu humkamata. Kwa kitoto cha paka ipo njia nyingine, kwani mwaka 1969 Phyllis Chesler alionyesha kwamba vitoto vilivyomtazama mama akibonyeza kifungulio vilijifunza upesi kuliko vilivyomtazama paka mgeni. Chausiku hakuwa na mama wa kumtazama.

Basi akajua kutoka. Kuingia kukamshinda! Alikaa jukwaani akilia hadi geti lifunguliwe, na hapa ndipo wenye paka wengi wangesema amerudi kwenye ukaidi wake. Sababu ilikuwa ndani ya kifaa. Familia ilinunua kilango kinachosoma chipu. Chipu huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega, ni ndogo kama punje ya mchele na haina betri. Antena iliyozunguka tundu huiamsha kwa mawimbi ya kilohezi 134.2, nayo hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15. Namba ikiwa ni iliyosajiliwa, komeo hulegea. Tumbili hana namba, anabaki nje. Vilango vingi vya aina hii husoma wakati wa kuingia tu, na kutoka ni kusukuma bila komeo. Tena, kwa kuwa chipu iko mabegani, antena haiwezi kuisoma mpaka kichwa kimeshaingia kwenye mdomo wa kilango. Ndipo mota hulia na komeo hubofya, karibu kabisa na sikio la mnyama anayesikia sauti za zaidi ya kilohezi 60, wakati sisi tunakomea 20 hivi. Kishindo hicho kilimkuta Chausiku shingo ikiwa ndani, akaruka nyuma, na hakuthubutu tena.

Suluhisho lilikuwa kuutenganisha mlio na kupita. Sahani ndogo iliwekwa kwenye mdomo wa kilango kwa nje, hivi kwamba kila alipoinama kula chipu ilisomwa na komeo likabofya, wala hakudaiwa kuingia. Mara za mwanzo alishtuka akaacha samaki. Baadaye masikio yalicheza tu, kisha hata masikio yakatulia. Siku alipokisukuma kibao ilikuwa kwa sababu tonge lilidondokea upande wa ndani.

Februari alikataa tena. Safari hii mkosaji alikuwa hewa ya Durban: kingo za plaiwudi zilizokatwa hazikupakwa rangi, zikanywa unyevu, zikavimba na kuibana fremu ya plastiki hadi kibao kikawa kinakwaruza pembeni na kukwama katikati. Kulegeza skrubu, kulisugua tundu kwa msasa na kupaka rangi kingo kulitosha. Ninapendekeza rangi ipakwe siku ileile ya kukata, hasa kwenye miji ya pwani kama Durban, Mombasa au Dar es Salaam.

Limebaki suala la saa, na kwangu hili ni zito. Upande huohuo wa mji kuna Pigeon Valley, hifadhi ndogo ya msitu ya hekta 10 hivi. Majira ya baridi hufika hapo kiruwiji mwenye madoa, ndege adimu anayetafuta wadudu kwenye majani yaliyoanguka, ambaye jamaa zake Wakenya huwaona katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Gede. Ndege wa chini ni wepesi kukamatwa, hasa alfajiri na machweo, saa ambazo paka huwinda. Kwa hiyo familia huweka komeo kwenye hali ya kuingia tu kabla ya magharibi, na hulifungua jua likishapanda. Mlo mkubwa wa Chausiku umehamishwa uwe alasiri, na siku nyingi huwa amesharudi jikoni kabla komeo halijabadilishwa.