Bi Kidude na Ngoma ya Ndani

Tuzo ya WOMEX ilimfikia Fatma binti Baraka, Bi Kidude, mwaka 2005, akiwa ajuza. Wanaoanzia hapo kumsifu wanausoma utenzi kwa ubeti wa mwisho. Sauti ile yenye mikwaruzo ilikomaa katika unyago: ngoma ya wanawake watupu, wari wakifundwa, mlango umefungwa. Mwenye kutaka umaarufu angekwenda kuutafuta huko? Nyimbo za Siti binti Saad aliziimba bila ya kumwiga, ingawa pengine ukali wake uliivunja ile nakshi ambayo taarabu huipenda. Majukwaa ya Ulaya yalipomwita alikwenda. Kisha akarejea Unguja, akaufunga tena msondo kiunoni. Alifariki Aprili 2013.