Orodha ya Maneno na Kumbukumbu ya Mwanafunzi

Ipo dhana miongoni mwetu walimu kwamba orodha ya maneno ni kazi ndogo: somo likiisha, maneno hupangwa kwa alfabeti, naye mwanafunzi huambiwa ayahifadhi. Dhana hiyo haina budi kuchunguzwa, kwani mpangilio unaofaa kutafutia neno si lazima ufae kulikumbuka.

Mwaka 1969 huko Marekani, Gordon Bower na wenzake waliwapa watu maneno 112. Waliopewa maneno yaliyopangwa kwa makundi na matawi yake walikumbuka kiasi cha 73 katika jaribio la kwanza. Waliopewa maneno yale yale ovyo walikumbuka kiasi cha 21 tu.

Hata hivyo, tusifanye haraka. Wale walikumbuka maneno ya lugha waliyoijua. Kwa ajifunzaye lugha ngeni, neno lenyewe ni jipya. Thomas Tinkham alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba maneno mapya yenye maana za kukaribiana, yakifundishwa pamoja, huchanganyana. Yanayokutana katika tukio moja hushikwa kwa wepesi zaidi.

Tumfikirie Mmalawi ajifunzaye Kiswahili kwa wakimbizi Wakongomani na Warundi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994. Akifundishwa “nunua” na “uza” siku moja, kesho yake sokoni Tsoka, mjini Lilongwe, aweza kutaja hili akikusudia lile, na biashara ikaharibika. Afadhali aanze na “nunua”, “bei”, “punguza” na “chenji”. “Uza” lifuate baadaye.

Maneno ya mzizi mmoja ni jambo jingine, maana anayeujua mzizi amekwisha kupata nusu ya neno. Mwenye Chichewa, azoeaye “phunzira”, “phunzitsa” na “mphunzitsi”, hatashangazwa na “pika”, “mpishi” na “mapishi”. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyoweka nomino nyingi chini ya vitenzi vyake, yamfaa anayehifadhi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, iliyoweka “mpishi” katika herufi M, yamfaa anayetafuta. Hakuna iliyokosea. Tunaokosea ni sisi, tunapofundisha kwa orodha ya kutafutia.

Kitabu hubaki nyumbani. Sokoni mwanafunzi huenda na kichwa chake tu.