Jicho la Dalali wa Ng'ombe

Kwa watu wengi dalali ni mtu wa kujihadhari naye. Mali si yake, hela si zake, lakini mwisho wa siku hakosi fungu. Mimi nataka kumtetea dalali wa aina moja, yule wa ng'ombe katika minada ya Hanang, anayewauzia wafugaji wa Katesh, wa Basotu na wa upande wa Balangdalalu. Kadiri ninavyomtazama akifanya kazi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba miji hii midogo imesimama juu ya ujuzi wake.

Nchi yenyewe inahitaji mtu wa katikati. Chini ya Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, wanaishi Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wafugaji, pamoja na Wairaqw wanaolima na kufuga, na ukishuka kuelekea Singida unakutana na Wanyaturu na Wanyiramba. Ukiwahesabu Wahadza wa Eyasi na Wasandawe wa kusini, familia zote kubwa za lugha za Afrika zimekaribiana katika eneo hili. Mbarabaig ana ng'ombe na anataka mahindi. Mwiraqw ana mahindi, maharage na ngano, na anataka maksai wa plau. Chumvi ya Ziwa Balangida, inayokusanywa maji yanapokauka, inatakiwa na kila mwenye mfugo. Watu hawa walibadilishana mali kabla ya boma la Mjerumani kujengwa, na leo wanaelewana bei kwa Kiswahili.

Mnada kama tunavyoujua, wenye zizi, ushuru na siku yake, ulikuja na serikali. Uingereza mji ulipewa haki ya soko kwa hati ya mfalme. Huku soko lililetwa na ofisi ya mifugo ya Waingereza, na si kwa nia njema tupu. Katika Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, uliotekelezwa tangu mwisho wa miaka ya 1940, mnada ulikuwa pia njia ya kuwapunguzia watu mifugo, ili ardhi ipumzike. Wafugaji walilijua hilo. Wazee wao waliingia mnadani wakiwa na mashaka, na mashaka hayo hayajaisha. Ndiyo maana wanamtaka mtu anayejua lugha yao na ukoo wao asimame kati yao na mgeni mwenye pesa.

Sasa nimtazame anavyofanya kazi.

Ng'ombe akiingia zizini, dalali mzuri hamsogelei. Kwanza anamwangalia akitembea. Mguu wa nyuma unaoburuzwa kidogo, kichwa kinachoinama kila hatua, kikohozi kinachokuja baada ya mbio fupi: haya yanaonekana ukiwa mbali, na ukishamkaribia mnyama akasimama, yamekupotea. Kikohozi humtia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu ya homa ya mapafu. Akisogea, hupita upande wa kushoto, liliko tumbo kubwa, akaangalia shimo lililo nyuma ya ubavu wa mwisho. Likiwa limezama, mnyama amekaa na njaa au ametembea siku mbili kuja. Likiwa limejaa mno huku mgongo ukionyesha mifupa, dalali hutabasamu tu: huyu amelambishwa chumvi jana usiku na kunyweshwa maji asubuhi, na mnunuzi asiyejua atalipia ndoo kadhaa za maji kwa bei ya nyama.

Kisha mikono. Hupapasa chini ya sikio kutafuta tezi iliyovimba, dalili ya ndigana kali inayoletwa na kupe. Hubana ngozi ya ubavuni akaiachia: ya mnyama mwenye afya hurudi mara moja. Hupima nundu kwa kiganja, kwa kuwa zebu wetu huweka akiba yake hapo, na nundu iliyolegea inakueleza kiangazi alichopitia.

Halafu kinywa, na hapa ndipo ninapopenda kusimama karibu. Vidole viwili puani, kichwa kinainuliwa, mdomo wa chini unashushwa kwa dole gumba. Jambo lote halichukui muda wa kuvuta pumzi mbili. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane. Kwa zebu wa huku jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akikaribia miaka miwili na nusu, ya pili kwenye mitatu, ya tatu inafuata, na akitimiza minne na kitu kinywa kimejaa. Baada ya hapo dalali hahesabu tena, anasoma yalivyolika. Meno yakiwa mafupi na yameachana, mnyama huyo hatafuna vizuri tena, na hatanenepa hata umpeleke kwenye malisho ya namna gani.

Kwa jike huongeza pembe. Kila uzao huacha pete kwenye pembe, kwa sababu mimba na kunyonyesha huondoa nguvu mwilini na pembe hukua kwa shida kipindi hicho. Wapo wanaozipiga tupa zile pete ili bibi aonekane mtamba. Kidole cha dalali hupita pale na kuhisi ulaini usio wa asili, na neno halisemwi kwa sauti. Anamgeukia mwenye ng'ombe na kutaja bei nyingine. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Angeweza kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Badala yake anampa nafasi ya kukubali bei ya kweli na kuondoka na heshima yake.

Maksai wa plau hupimwa kwa namna nyingine kabisa. Unene si hoja. Mkulima anataka mabega mapana, kwato ngumu, macho yasiyoshtuka, na zaidi ya yote mwendo unaolingana na wa yule aliyeko nyumbani, maana jozi isiyolingana hutoa matuta yaliyopinda msimu mzima. Nimewaona madalali wakimuuliza mnunuzi maswali mengi juu ya ng'ombe asiyekuwepo pale, kabla ya kumwonyesha hata mmoja.

Kelele za mpiga mnada usizitafute; bei hupatikana kwa maneno ya chini. Mfanyabiashara wa nyama anapiga hesabu ya kilo kwa macho. Zebu mkubwa wa huku huwa na kilo 200 hadi 300 akiwa hai, na karibu nusu ndiyo nyama. Toa gharama ya lori, ushuru wa halmashauri, kibali, na uzito utakaopotea njiani kwenda Pugu, Dar es Salaam. Dalali anazijua hesabu hizo sawasawa na mnunuzi, na anajua pia kwamba muuzaji anadaiwa ada ya shule. Katika nafasi ile finyu kati ya wawili ndimo anamoishi. Anabeba na dhamana: barua ya mtendaji wa kijiji inasema ng'ombe ni wa nani, lakini ikitokea ameibwa, wa kwanza kutafutwa ni dalali.

Kazi hii imezidi kuwa ngumu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya ngano yaliyosaidiwa na Canada yalichukua kiasi cha ekari 100,000 za uwanda wa Basotu, malisho bora ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua dhidi yao. Malisho yakipungua, kiangazi kinauma mapema, na watu wanauza wakati bei imeshaanguka. Dalali wa kweli husema kabla: uza huyu mzee sasa, huyu tasa sasa, mtamba mwache. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliporomokea Katesh na Gendabi, vikaua watu zaidi ya 80 na kufukia maduka. Baada ya msiba ule wapo waliohitaji kuuza ng'ombe haraka ili wajenge upya, na haraka ya muuzaji ndiyo nafasi ya mlanguzi. Kwangu hicho ndicho kipimo cha dalali: anataja bei gani mbele ya mtu asiye na uwezo wa kukataa.

Siku hizi ng'ombe anavishwa hereni ya kielektroniki, nami naiunga mkono, kwa sababu itamsumbua mwizi. Haimwambii mtu lolote juu ya meno wala mapafu. Ujuzi huo bado unapita kwa kijana anayeshika kamba. Muda mrefu haruhusiwi kutaja bei. Anashika, anatazama, anasikiliza. Kisha siku moja mkubwa wake anamwambia amkadirie dume fulani. Kijana anataja umri, kilo, bei. Mzee anamrudisha kwenye kwato za nyuma, anamwambia aangalie tena, na mnunuzi anasubiri.