Hisi, Hisia na Mkono Uliopigwa na Kiharusi

Mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kukumbuka kwamba maneno yake yatamfikia mtu wa Nzega kama yamfikiavyo mtu wa Dar es Salaam. Kiswahili kilienea upande ule katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyopita Tabora, na hata leo wengi huko huanza kusema kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Istilahi isiyo wazi huwaumiza wao kwanza.

Tuchukue mfano wa kiharusi. Neno lenyewe limekwisha kukubalika, nasi hatuna ugomvi nalo. Ila wako wafasiri wanaoandika kwamba mgonjwa “amepoteza hisia”. Kwa msomaji wa kawaida, hisia ni huzuni, furaha na mapenzi. Atadhani mgonjwa hana tena huruma. Kilichopotea ni hisi: mkono hautambui moto wala baridi, na mwenyewe akifumba macho hajui umekaa wapi. Wengine huyajumlisha yote katika neno “kupooza”, ingawa mkono wenye nguvu waweza kukosa hisi.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mwaka 1895, huko Uingereza, Mott na Sherrington walikata mizizi ya neva iletayo hisi za mkono wa kima. Neva za kuendesha misuli hazikuguswa, lakini mnyama aliacha kuutumia mkono ule. Mwaka 1996, huko Marekani, Randolph Nudo na wenzake walionyesha kwa kima waliojeruhiwa ubongo kwamba sehemu iongozayo mwendo wa mkono huzidi kupungua mkono usipofanyishwa kazi, na kwamba mazoezi huikinga. Basi jamaa wakisoma kwamba mkono “umepooza” tu, watauacha ulale, na hasara itaongezeka.

Sehemu hiyo nayo tumeiona ikiitwa “gamba la mota”. Gamba ni la samaki, na mota ni ya mashine. Hakuna atakayefahamu kwamba ni kitu hai kinachobadilika.

Kwa maoni yetu, “tabaka la mwendo la ubongo” lafaa zaidi. “Upotevu wa hisi” utengwe na “kupooza”, na katika vijitabu vya wananchi litumike neno “ganzi”, ambalo kila mtu analo. Istilahi njema ni ile itakayomfanya jamaa aushike mkono wa mgonjwa na kuuzoeza.